Usimwekee Wimbo, Mwimbie

Siku niliyomwekea binti yangu wimbo ninaoupenda kuliko zote, alikuwa na miaka mitatu. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Nikafuta vumbi kwenye spika, nikazima televisheni, nikamketisha katikati ya kochi na kumwambia, "Sasa sikiliza." Ala za mwanzo zikaanza, zile ambazo mpaka leo hunisisimua mwili. Akatulia kama sekunde kumi hivi. Kisha akanitazama usoni: "Baba, soksi yangu nyingine iko wapi?"

Iliniuma, sifichi. Wimbo wenyewe sitautaja, maana nikiutaja mtaanza kubishana kama ni mzuri au la, na mimi sina nguvu za ubishi huo. Ila nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba kosa lilikuwa langu. Wanaochunguza kumbukumbu za binadamu wanasema nyimbo zinazotuganda zaidi ni zile tulizozisikia ujanani, takriban kati ya miaka 10 na 25. Si kwamba zilikuwa bora kuliko za leo (ingawa zilikuwa!). Ni kwamba zilituingia pamoja na mambo yaliyokuwa yakitukuta: penzi la kwanza, safari ya kwanza, rafiki aliyehama asirudi. Mimi nikiusikia wimbo ule nasikia na hayo yote. Mtoto hana hata moja. Yeye ana soksi, tena imepotea.

Wimbo ulimwingia wiki kadhaa baadaye, na si kwa spika. Nilikuwa namwogesha, nikajikuta naimba kiitikio chinichini bila kujijua. Sauti yangu si ya kutolewa mbele za watu. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikarudia. "Tena." Maji yalipoa tukiwa bado pale.

Kwa hiyo, kama una wimbo unaotamani mwanao aupende, ushauri wangu ni huu: usianze kwa kumwekea. Mwimbie wewe, huku mkifanya kitu kingine. Kiitikio tu kinatosha, beti zije baadaye. Na wewe mwanamume mwenzangu, panda juu kidogo. Sauti za watoto ni nyembamba na ziko juu, na tukiwaimbia kwa besi zetu hawana pa kutufuatia. Nilipopandisha, ndipo naye akaanza kuitikia. Nilisikika kama mlango usiotiwa mafuta, lakini nani alikuwa anasikia?

Mwili nao uingie. Mwaka 2005 watafiti wawili nchini Kanada, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, waliwasikilizisha watoto wa miezi saba mdundo usio na mkazo wowote. Baadhi yao walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Walipojaribiwa baadaye, kila kundi lilisikiliza kwa muda mrefu zaidi mdundo wenye mkazo uliolingana na jinsi walivyorushwa. Waliotazama tu mtu mzima akirukaruka hawakuonyesha tofauti hiyo. Nilipolisoma hili nilikumbuka jinsi nilivyomketisha kochini na kumkataza kutikisika. Nilikuwa nimemziba njia mwenyewe. Siku hizi tunaucheza tukiwa tumeshikana mikono, yeye amesimama juu ya miguu yangu. Usitarajie aende na mdundo. Mtoto wa umri huo hana breki za kumtosha kwenda polepole, atakutangulia, na wewe mfuate.

Sasa nije kwenye maneno, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Katika kiitikio kuna mahali mwimbaji analalama kwamba roho yake iko mashakani. Binti yangu akaupokea mstari huo hivi: "Mbwa wangu yuko ndani." Nilimsahihisha. Nikamtamkia taratibu: ro-ho, ma-sha-ka-ni. Akanisikiliza kwa heshima zote, akauliza, "Kwa nini amefungiwa?"

Nani, roho? "Mbwa."

Nikaendelea kumsahihisha siku mbili tatu, na nikaona kwamba kila ninapofanya hivyo anaacha kuimba. Nikakoma. Mtoto wa miaka mitatu hajui mashaka ni nini, ila mbwa anamjua vizuri, na mbwa aliyefungiwa ndani ni jambo zito kwake kama mashaka yalivyo mazito kwangu. Huzuni ya wimbo alikuwa ameipata kamili, kwa maneno yake. Akikua atayasikia yaliyo sahihi, na pengine atacheka. Hakuna haja ya kumwahisha.

Kuna maneno, hata hivyo, ambayo hufai kumwachia. Wimbo uliousikia ukiwa kijana, usikilize tena peke yako kabla ya kumpa mtoto. Nilikuwa na mwingine nimeuweka foleni, nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa nikiimba kwa furaha jambo nisingethubutu kulieleza mezani. Nikauondoa.

Ukifika wakati wa kumsikilizisha rekodi yenyewe, angalia ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango lilichotoa mwaka 2019 pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, lilishauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, pungufu ya 80 za mtu mzima. Nyumbani mimi sina kipimo cha desibeli, nina kanuni nyepesi: kama inabidi nipaze sauti ili anisikie akiwa karibu nami, napunguza. Hedifoni bado sijampa.

Lililobaki ni la uvumilivu. Akishaupenda atautaka tena na tena, na sijui kama kuna anayekuandaa kwa hilo. Mtu mzima akisikia wimbo mara nane mfululizo anachoka kwa sababu anajua kinachokuja. Mtoto anautaka kwa sababu hiyohiyo, kwamba anajua kinachokuja na kweli kinakuja. Zipo jioni nilizojuta kuuleta wimbo ule nyumbani. Niliwahi hata kuficha simu na kumdanganya kwamba imelala. Dawa niliyoipata ni kubadilishana: wimbo wangu mara mbili, wake mara mbili. Wake unahusu bata na una mistari minne. Nilidhani nautolea sadaka tu masikio yangu, kumbe bata yule ana kiitikio kinachonasa kuliko changu.

Na kama mwanao hataupenda kabisa? Mwache. Mdogo wake binti yangu ana mwaka mmoja na nusu, na nikianza kuimba huniziba mdomo kwa kiganja.

Juzi redio iliupiga, nikiwa peke yangu. Ala zikaanza, mwili ukanisisimka kama kawaida. Kiitikio kilipofika nikajiachia kwa sauti yote, na katikati ya mstari ndipo nilipojisikia nikiimba kwa uchungu mkubwa kwamba mbwa wangu yuko ndani.