Kinga ya mwanangu imepungua?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miezi 16 alishikwa na homa kali siku sita, macho yakawa mekundu bila tongo, na midomo ikapasuka. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Hospitalini tuliambiwa ni ugonjwa wa Kawasaki, akatiwa dripu ya kingamwili, homa ikashuka. Majirani wanasema kinga yake imepungua, nimpe habasoda. Ni kweli? Na mbona chanjo yake ya surua imeahirishwa?
Mama wa watoto wawili, Shella, Malindi

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Kinga ya mwanao haikupungua, bali ilipita kiasi. Chanzo cha ugonjwa huu, ambao daktari wa watoto wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliueleza mwaka 1967, hakijathibitishwa hadi leo, lakini hauambukizi, kwa hiyo usimtenge na nduguye. Seli nyeupe za damu humwaga kwa wingi protini za kuchochea uvimbe, kama interleukini-1, na hizo ndizo zilizoleta homa na wekundu ulioniandikia. Ninaloliogopa zaidi halionekani kwa macho: seli hizo hizo huingia katika kuta za mishipa inayoulisha moyo damu, zikazidhoofisha hadi mshipa ukatutumka. Bila matibabu, huwapata kiasi cha mtoto mmoja kati ya wanne. Dripu ikitolewa ndani ya siku 10 za mwanzo, hatari hiyo hupungua sana. Mlifanya vyema kutongoja.

Kingamwili za dripu hiyo, zilizokusanywa kutoka damu ya maelfu ya watu, huituliza kinga, lakini pia huviua virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya surua kabla mwili wa mtoto haujajifunza kuvitambua. Ndiyo maana chanjo ya miezi 18 huahirishwa hadi takriban miezi 11 baada ya dripu.

Habasoda usimpe kabla ya kumuuliza daktari wake, hasa ikiwa bado anatumia aspirini. Katika wiki ya pili na ya tatu chembe sahani za damu huongezeka mno na damu huganda kwa wepesi, basi aspirini usiikatize kwa hiari yako, na akipata mafua makali au tetekuwanga, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ngozi ikibambuka kuanzia chini ya kucha, usishtuke. Picha ya moyo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, kisha kati ya wiki ya nne na ya sita. Mpeleke zote, hata kama anacheza na kula vizuri.