Ukiwa karibu na semi-treila: maswali yenu na majibu

Barua nyingi zilizoingia safari hii ni za watu wa Vitz, IST, Noah, bajaji na pikipiki wanaogawana barabara na malori ya mizigo, hasa ile ndefu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Nimechukua zile zinazogusa uhai wa watu moja kwa moja. Baadhi nimezifupisha.

Shikamoo mwalimu. Naendesha IST Chalinze hadi Morogoro karibu kila wiki. Mume wangu ananiambia nikae nyuma ya lori, nilifuate kwa karibu, eti linanisafishia njia. Ni kweli? – Mama wa IST

Marahaba, mama. Si kweli, na naomba umsomee mzee jibu hili.

Lori lenye tela halina kioo cha katikati cha kutazama nyuma. Dereva anategemea vioo vya pembeni tu, na vile vinaona ubavu wa tela. Wewe uliyejibanza nyuma yake hauko popote. Kipimo ni rahisi: kama huvioni vioo vyake, naye hakuoni. Mamlaka za usalama barabarani za Marekani huwaonya madereva kuhusu takribani mita 9 nyuma ya lori na mita 6 mbele yake. Ndani ya nafasi hizo gari dogo halionekani kabisa.

Halafu jiulize wewe unaona nini. Matope ya tairi, namba ya tela na taa za breki ambazo mara nyingi zimeungua au zimefunikwa na vumbi. Ng'ombe akikatiza huko mbele, habari utaipata wakati umeshachelewa. Na ukiligonga tela kwa nyuma, bampa na boneti yako, ambavyo vimetengenezwa kupokea kishindo, vinapita chini. Kinachokutana na ubapa wa tela ni kioo cha mbele, pale pale usawa wa vichwa vyenu.

Kaa mbali. Sehemu ya nyuma ya lori ikipita nguzo au mti, anza kuhesabu taratibu hadi nne kabla na wewe hujaufikia. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hiyo ni karibu mita 90. Utasema wenzako watakuingilia hapo katikati. Wataingia kweli. Waache, rudi nyuma uhesabu tena.

Mzee, mimi ni boda wa Buguruni. Kwenye mataa ya Mandela malori ya bandarini yanasimama, na mimi kushoto kuna upenyo. Nikisubiri nyuma nakula moshi na abiria analalamika. Kupenya kuna ubaya gani?

Kijana wangu, hapo ndipo wenzako wanapofia.

Dereva wa lori letu anakaa kulia, juu sana. Upande wa kushoto ndio anaouona vibaya kuliko wote. Pikipiki iliyosimama chini ya mlango wa kushoto, usawa wa tairi la mbele, kwake haipo. Sasa akitaka kupinda kushoto, hawezi kukata kona moja kwa moja kama bajaji. Kwanza anavuta kichwa kulia ili apate nafasi. Wewe ukiona ameenda kulia unadhani amekupisha, unaingia. Kisha anakata kushoto, na matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya matairi ya mbele. Yanakatisha ndani, yanasogea kwenye ukingo, na aliyeko katikati anabanwa.

Kaangalie kona yoyote wanapopinda malori. Mawe ya ukingo yamemeguka, yana weusi wa tairi, na mengine yana alama hadi upande wa waenda kwa miguu. Tela linapita pale pale ulipotaka kusimama na abiria wako.

Subiri nyuma, pale unapoviona vioo vyake. Au kama uko mbele, uwe mbele sana ili akuone. Abiria anayelalamika mwambie ashuke, utampata mwingine.

Jambo moja zaidi kwa wote. Baadhi ya malori ya Burundi, Rwanda na Kongo yana usukani kushoto, maana kwao wanaendesha upande wa kulia. Kwa hayo mambo yanageuka: upande wenye giza unakuwa kulia, yaani ule ule tunaoutumia sisi kulipita. Kabla hujachomoka, tazama namba na tazama dereva amekaa wapi.

Lori likiniwashia indiketa ya kushoto, wenzangu husema ananiruhusu nipite, na ya kulia ananikataza. Nimtii? – Dereva wa Noah, Makambako

Ya kulia itii mara moja, kwa sababu maana zake zote mbili ni hatari kwako: ama kuna gari linakuja, ama yeye mwenyewe anapinda kulia. Ya kushoto usiichukue kama ruhusa. Huenda anataka kuegesha, na huenda ameona kwamba njia ni nyeupe kwa macho yake na kwa mwendo wake. Wengi wana nia njema, nawashukuru. Ila macho yanayoamua kutoka ni yako.

Na hesabu ya kulipita watu wengi hawaijui. Lori na tela lake vinaweza kufika mita 22. Tuseme linakwenda 60 na wewe 80. Tofauti yenu ni chini ya mita 6 kwa sekunde. Ukianzia mita 20 nyuma yake, ulipite, na kurudi ukiwa umeliacha mita 20, unahitaji kama sekunde 12. Ndani ya sekunde hizo unakuwa umekula zaidi ya mita 260 upande usio wako, na basi linalokuja kwa 80 nalo limekula hizo hizo. Ndiyo kusema unahitaji zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu unayoiona kwa macho. Malori yakiwa mawili yamefuatana, na hakuna pengo la kuingia katikati, usianze.

Kushuka Kitonga kuna lori nyuma yangu, nasikia harufu ya breki. Nifanye nini?

Tafuta mahali pa kutoka na utoke, mapema, lipite. Usishindane nalo kuteremka.

Lori lenye mzigo kwa sheria za Afrika Mashariki linaweza kufika tani 56, na gari lako ni kama tani moja. Dereva mzuri anaingia mteremkoni na gia nzito na kuiacha injini ishikilie uzito, breki anazigusa tu. Asiyejua, au anayeweka nyutro kuokoa mafuta, anakanyaga breki mfululizo hadi zinapata moto, na breki iliyopata moto haishiki. Ile harufu na moshi kwenye matairi ndiyo taarifa yako ya mwisho. Wakenya wanaopita mteremko wa Salgaa wanaijua habari hii. Juni 2023 pale Londiani, Kericho, lori lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50, wengi wakiwa kando ya barabara kwenye biashara zao.

Tenka likianguka na gari langu liko jirani, nisogee kusaidia?

Ondoka, zima kila chenye moto, zuia wengine, piga simu. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya watu kukusanyika kuchota mafuta.

Usiku naona majani ya miti yamewekwa barabarani. Nipunguze mwendo kiasi gani?

Kiasi cha kuweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zako. Majani maana yake mbele kuna gari limekufa, huenda halina taa hata moja. Yanaudhi, maana sheria inataka pembetatu zinazong'aa na majani hayang'ai. Na wakishatengeneza wanaondoka, majani yanabaki, watu wanazoea kuyapuuza. Usizoee.

Mimi ni dereva wa semi. Waambie watu wa magari madogo waache kutuchomekea. Naacha nafasi mbele ili niweze kusimama, mtu wa Vitz anaingia hapo hapo na kukanyaga breki.

Kaka, umesema kweli na nimekuwekea maneno yako kama yalivyo. Breki za upepo huchelewa kidogo kushika, na ile nafasi unayoiacha wengi wanaiona kama zawadi. Wasomaji, mkishalipita lori msirudi mpaka muuone uso wake wote, kichwa kizima na taa zote mbili, kwenye kioo chenu cha ndani. Mkirudi, endeleeni kukanyaga mafuta.

Nawe kaka, futa vumbi kwenye taa za nyuma kila unaposimama mizani, na tajiri akikupigia simu uunge safari bila kulala, mkatalie.