Hazina "imeharibika" au "imefisidiwa"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Seva ya ofisini kwetu iliishiwa nafasi wakati kazi zinahifadhiwa, na hazina yetu ya Git, yaani ghala la programu inayotunza matoleo yote ya kazi zetu, ikagoma kufunguka. Baada ya kuhangaika tumeitengeneza. Kwenye ripoti niliandika: "Hazina iliharibiwa na kujaa kwa diski, na data zote zimerejeshwa." Mkuu wangu wa kitengo amefuta "iliharibiwa" akaweka "ilifisidiwa", kwa hoja kwamba ndilo neno la kitaalamu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Kitenzi fisidi ni Kiswahili halali, na kamusi hukipa maana ya kuharibu. Kwa hiyo mkuu wako hakubuni neno. Tatizo ni kwamba neno halitembei peke yake; fisidi huja na ndugu zake fisadi na ufisadi, na hao leo wanajulikana kwa kazi moja tu. Msomaji wa Dodoma au Nairobi akikuta "hazina ilifisidiwa" ataelewa kwamba fedha za umma zimeliwa, hasa kwa kuwa Hazina yenye herufi kubwa ndiyo inayotunza fedha za serikali. Mkaguzi asiyeijua Git atamtafuta mwizi. Mimi ningelifuta neno hilo bila kusita.

"Iliharibiwa na" haina kosa la sarufi. Tunasema barabara imeharibiwa na mvua, wala mvua si mtu. Hata hivyo kauli ya kutendwa huelekeza macho kwa mtendaji, ilhali "iliharibika" hueleza hali iliyokikuta kitu. Kwa tukio lenu naichagua ya pili, na sababu yangu imo katika Git yenyewe. Git huweka kazi zenu kama vitu vidogo vidogo ndani ya folda ya .git/objects, kila kimoja na jina lake. Nafasi ikiisha katikati ya kuandika, jina la faili linaweza kubaki diskini huku ndani hamna kitu, ukubwa wake sifuri. Hakuna aliyelivamia faili hilo. Halikukamilika tu. Ukiandika "hayakukamilika kuandikwa", fundi atakayefuata atajua moja kwa moja aanze na mafaili matupu, jambo ambalo "iliharibiwa" haimwambii.

Katika barua yako umeandika "iliishiwa nafasi". Hicho ni Kiswahili kizuri, kipeleke kwenye ripoti kama kilivyo. Wapo wanaoandika "diski imeisha", kumbe diski ipo. Kilichoisha ni nafasi.

Sasa nije kwenye neno ambalo hamkuligombania, nami ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: zimerejeshwa. Kurejesha ni kukirudisha kitu kilekile mahali pake au katika hali yake ya awali, kama tunavyorejesha umeme au amani. Kwa Git dai hilo linaweza kuwa kweli kabisa. Jina la kila kitu hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, kwa hiyo kitu kilichokosekana kwenu kikipatikana kwenye kompyuta ya mwenzako kwa jina lilelile, yaliyomo ni yaleyale. Mkiondoa faili tupu, mkanakili zima kutoka kwake, hapo mmerejesha.

Lakini si kila mlichofanya ni kurejesha. Kama mlinakili folda nzima kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote (na ndivyo inavyopasa), hapo mliokoa: mlizuia kilichobaki kisipotee. Kama faharasa ya Git (orodha yake ya mafaili inayoyafuatilia) ilikuwa mbovu, mkaifuta na kuiacha Git itengeneze nyingine, hiyo iliundwa upya. Na kama kuna kazi iliyokuwa haijafika kwa mwenzako yeyote, mkaiandika tena kwa kukumbuka, hiyo haikurejeshwa hata kidogo. Iliandikwa upya, na inaweza kutofautiana na ile ya kwanza. Mtu atakayeitegemea kesho ana haki ya kulijua hilo, na neno "zote" linamnyima haki hiyo.

Rudisha nayo haikatazwi, ila masikio yangu huisikia zaidi pale kitu kinapokwenda kwa mwenyewe, kama kitabu cha kuazima. Kuhusu upatanisho, "data zote" na "data yote" zote zimezoeleka; chagua moja uishike hadi mwisho wa ripoti.

Ningeandika hivi, nawe urekebishe kulingana na yaliyotokea: "Seva iliishiwa nafasi wakati kazi zinahifadhiwa. Baadhi ya mafaili ya hazina ya Git hayakukamilika kuandikwa, na hazina ikaharibika. Tuliokoa nakala ya folda nzima, tukarejesha vitu vilivyokosekana kutoka nakala ya mwenzetu, tukaunda upya faharasa, kisha tukaikagua hazina kwa amri ya git fsck. Kazi ambazo hazikuwa na nakala popote zimeandikwa upya, na zimeorodheshwa hapa chini."