Mbona hukunifundisha? Barua kwa mwanangu wa Roysambu

Umoja, Nairobi
Jumatatu usiku, Februari

Mwanangu,

Jana ulisimama mlangoni na mfuko wako wa mikebe ukaniuliza swali, nami nikakujibu, "Haya nenda, utakosa matatu." Najua hilo halikuwa jibu. Uliniuliza: "Mama, wewe ulifundishwa wapi haya mambo yote, na mbona mimi hukunifundisha?"

Hukuuliza kwa hasira. Ulikuwa umetoka kunisimulia vile maharagwe yako yalikaa motoni saa nne, gesi ikaisha, na bado yakawa yanagonga sufuria kama kokoto. Nilicheka mpaka machozi. Ulipofika kwenye ngazi nikasikia lile swali upya, na usiku wote likaninyima usingizi. Kuandika ni rahisi kwangu kuliko kukutumia sauti, kwa hiyo vumilia urefu.

Kuka wako, baba yangu, hajui kufundisha. Tangu nimjue, sijamsikia akieleza kitu kwa sentensi tatu. Nilipokuwa na miaka 9, mwisho wa Machi, mvua ikinukia, alivuta kamba shambani kama kawaida yake. Ni kamba ya katani iliyofungwa vitambaa kila baada ya futi moja, na kutoka mstari hadi mstari ni futi mbili na nusu. Alipofika upande wa njia ya kisimani akasema, "Hii mitatu ni yako." Akaniwekea mkebe wa mbegu na mkebe wa mbolea, akaenda zake.

Nilikuwa nimewaona watu wakipanda tangu nizaliwe. Nilijua kila kitu! Nikatia ile mbolea ya DAP shimoni, nikaweka mbegu juu yake, nikafukia. Nilimaliza kabla ya wajomba zako, nikajisifu mbele yao.

Siku kumi baadaye mahindi ya wote yalikuwa yameota isipokuwa yangu. Mbolea ile ikigusana na mbegu huiunguza. Unatakiwa uichanganye na udongo kwanza, ndipo mbegu iingie. Wajomba zako walilijua hilo na hakuna aliyenidokezea. Nikalia, nikaomba mbegu nyingine nirudishie. Kuka akakataa. Mistari ile ikakaa mitupu kando ya njia mpaka Novemba, na kila mwanamke aliyepita na mtungi aliuliza, "Hii ni ya nani?"

Siku hizi naweza kusahau namba yangu ya kitambulisho, lakini kuchanganya mbolea na udongo sisahau.

Nikisimulia hivi kanisani, akina mama wenzangu husema ule ulikuwa ukatili. Labda. Lakini piga hesabu: mistari mitatu ya mahindi ni kama nusu gunia, na sisi nyumbani tulikuwa watu 11. Mzee yule alikubali nimharibie nusu gunia la chakula chake. Mimi, kama utakavyoona hapa chini, sikuwahi kukubali uniharibie hata sahani.

Kukhu wako, mama yangu, naye alikuwa na chupa ya soda aliyoitunza kama dawa. Baada ya kupura, mahindi yalianikwa juani siku nyingi, na hakuna gunia lililofungwa kabla ya ile chupa kusema. Inakaushwa vizuri, unatia mahindi mpaka robo, vijiko viwili vya chumvi kavu, unaziba na kutikisa. Chumvi iking'ang'ania kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana maji bado, yarudi juani. Ikianguka yote chini, funga gunia. Nilipofika miaka 12 akanikabidhi chupa. Ni mimi niliyetoa ruhusa, mtoto mdogo, na watu wazima wakanisubiri na sindano zao za magunia mkononi.

Nilidhani ni mchezo. Mwaka 2004, kabla hujazaliwa, watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ukungu unaoleta sumu hiyo hupenda mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa hapa hapa Umoja, nikaikumbuka ile chupa, nikalazimika kuketi.

Lakini usidhani nilishuka Nairobi nikijua kuishi. Nilikuja Januari 1988, baada ya mtihani wa kidato cha nne, kusoma uhazili. Nilikuwa mshamba kamili. Nilikaa kwa senge wangu, dada ya kuka wako, mtaa wa Jericho. Jioni ya kwanza akaniambia niwashe stovu nipike ugali. Stovu ya mafuta ya taa sikuwa nimewahi kuigusa, kwetu ni mafiga na kuni. Nilijaza mafuta mpaka yakamwagika, nikavuta tambi zote juu hadi mwisho kwa sababu niliona moto mkubwa ndio mzuri. Ndani ya robo saa ukuta wa senge ulikuwa mweusi mpaka kwenye dari. Nikausugua kwa sabuni na maji baridi Jumamosi mbili mfululizo. Na kesho yake jioni, unajua alisema nini? "Washa."

Chuoni nako mwalimu wa taipu alitufunika mikono kwa kitambaa ili tusichungulie herufi. Sina mengi ya kusema juu ya chuo. Tuliharibu karatasi, karatasi zikaharibika, vidole vikajua. Mashine zile zimekwisha kwenda kwa wauza vyuma na vidole bado vinajua.

Kilichoniokoa Nairobi ni ghala la kukhu wako. Mahindi yakivunwa mwishoni mwa mwaka, hayakuliwa tu kuanzia juu ya rundo. Kukhu alihesabu kurudi nyuma kutoka mavuno yajayo. Yale ya karo yalitengwa kwanza, kisha ya kuuza ili inunuliwe mbegu na mbolea ya Machi, kisha ya wageni na matanga, maana hayo hayakosi. Kilichobaki ndicho tulichokula, na kilipimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, kila wiki kiasi chake. Mwezi wa Juni, majirani walipoanza kukopa, sisi tulikuwa tunakula kidogo lakini tunakula.

Pesa zangu za chuo zilikuja kwa mani oda ya posta. Kuka akiuza gunia, anatuma, na barua inafika itakapofika. Hakukuwa na kumpigia mtu simu. Basi nikifungua bahasha nilifanya kama kukhu: nauli ya muhula mzima kando, ya kumsaidia senge kando, sabuni na pedi kando, kisha naigawa iliyobaki kwa wiki. Nilikuwa na tini ya Blue Band kitandani, ndilo ghala langu.

Sasa wewe. Hela ya HELB, ule mkopo wa wanafunzi wa serikali, iliingia, na wiki ya sita ukaniandikia, "Mum niko na shida kidogo." Nikatuma. Wiki ya nane tena, nikatuma. M-Pesa ilianza 2007 ukiwa na miaka miwili, kwa hiyo hujawahi kuishi katika dunia ambayo pesa inachelewa njiani. Sikulaumu kwa hilo. Lakini ghala lako halina sakafu. Ukikwangua chini unanikuta mimi.

Na hapa ndipo linapokuja lile la pili, mbona sikukufundisha.

Dada yako nilimfundisha. Alikoroga ugali akiwa amesimama juu ya kigoda, akaunguza, tukala ukiwa umeungua. Wewe ulikuwa mvulana. Sitakudanganya kwamba kulikuwa na sababu nyingine kubwa kuliko hiyo. Najiita mwanamke wa kisasa, nimefanya kazi ofisini miaka 30, lakini nilipoona umeshika mwiko nilikunyang'anya nikasema, "Toka hapa, nenda ukasome." Ukipasua kikombe, dada wa kazi anafagia. Ukitaka kufua soksi, nakwambia maji ni ya mgao, utayamaliza.

Kisha kuna jambo ambalo hulijui. Desemba 2014 tulikwenda kwetu Kiminini, ulikuwa na miaka 9. Kuka wako alikushika mkono akakupeleka mpaka ile njia ya kisimani. Akakuonyesha mahali, akaniambia mimi, "Aprili mlete wakati wa likizo. Hii mitatu ni yake." Nikamjibu kwamba Aprili una masomo ya ziada. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba sikuvunja mgongo kutoka kwenye jembe ili mtoto wangu arudi kwenye jembe. Mzee hakusema neno. Alikuachilia mkono, akaenda kufunga ng'ombe.

Ulipata B+ ya Kilimo kwenye KCSE, mtihani wako wa kidato cha nne. Unaweza kunitajia magonjwa ya nyanya kwa majina yao ya Kilatini. Na ule mradi wa kabichi, mwenyewe uliniambia, ulimwagiliwa na mlinzi wa shule kwa shilingi hamsini za kila mwanafunzi! Nilicheka siku ile pia. Nacheka sana, naona sasa.

Basi nimejibu. Mambo mengine ni ya wiki hii.

Maharagwe. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama ya Mombasa. Ukiongeza moto, yatatokota kwa fujo na kuisha haraka, lakini hayatapata joto zaidi. Kiminini nako ni juu vilevile, ndiyo maana kukhu huinjika sufuria asubuhi anapokwenda shambani na kuiepua mchana. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, funika sufuria, moto mdogo. Nyanya usitie mpaka yaive. Najua ulitia, kwa sababu uliniambia "nilipika stew". Nyanya zina ukali unaoyafanya maharagwe yagome kuiva. Na uliza yamevunwa lini, maana ya zamani hayasikii dawa. Au, na hili ni shauri la mtu anayelipa hiyo gesi, nunua yaliyochemshwa kwa mama wa githeri hapo kwenu, ukaange mwenyewe kitunguu na nyanya. Yeye anapikia jiko la makaa sufuria ya watu hamsini. Meko yako ya gesi ya kilo 6 haiwezi kushindana naye, na si aibu.

Umeme. Soketi inayotoa cheche usiiguse. Zima swichi kuu, ita fundi, usimame pale uangalie anachofanya. Hapo ndipo uhodari wako uishie.

Pesa. Tuseme umepata elfu 20 na muhula ni wiki 16. Kodi nalipa mimi, kwa hiyo ni shilingi 1,250 kwa wiki kabla hujatoa nauli na bando. Toa hizo kwanza, uone kinachobaki kinavyotisha. Afadhali kikutishe sasa kuliko wiki ya sita. Mimi sitatuma tena katikati. Ukiugua, piga hata saa nane usiku. Ukiishiwa, utakula ugali na sukuma mpaka muhula uishe, na sukuma haijaua mtu katika ukoo wetu.

Nguo pia. Kuanzia Jumapili ijayo ukija na lile begi utalikuta karai bafuni na kipande cha sabuni. Nguo nyeupe zitageuka waridi. Sitasema kitu, nimejiapiza. Nitakaa sebuleni nitazame taarifa ya habari na nitaumia kimya kimya.

Jana usiku, usingizi ulipokataa, nilisubiri kupambazuke nikampigia kuka wako. Anasikia kwa shida siku hizi, inabidi upige kelele. Nikamuuliza kama ile mistari mitatu ya kando ya njia imeshapata mtu mwaka huu. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Ya nani, yako au ya kijana?"

Nikasema ya kijana. Akasema atavuta kamba mwenyewe wiki ya mwisho ya Machi, mvua ikikubali, na kwamba mvua haingojei mtu wa chuo. Kwa hiyo utapanda basi la Kitale Ijumaa usiku na kurudi Jumapili. Nauli ya safari hiyo nitatoa mimi, ni nje ya bajeti yako. Gambuti za mjomba wako zitakuwa kubwa kidogo, vaa soksi mbili.

Na mikebe yangu irudi. Ilikuwa sita, nimehesabu.

Mama yako