Wiki ya saba bado anajibizana na ukuta: hiyo si arosto

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 26. Alianza na mbege, akahamia gongo na bangi. Tumempeleka soba hausi Arusha, sasa ni wiki ya saba hajagusa kitu. Lakini usiku halali, anajibizana na watu tusiowaona, na amebandika magazeti dirishani akidai majirani wanasoma mawazo yake. Msimamizi anasema ni arosto, tungoje miezi sita sumu itoke. Dawa za hospitali hawaruhusu, "nazo ni madawa". Tungoje? (Dada mtu, Moshi)

JIBU: Marahaba. Msingoje. Mpelekeni kliniki ya afya ya akili wiki hii: hospitali ya Mount Meru ndiyo iliyo karibu naye, na mkimrudisha nyumbani Moshi zipo hospitali za Mawenzi na KCMC. Akitaja kujidhuru, au akisema sauti zinamwamuru kitu, ni usiku huohuo.

Hilo neno arosto, yaani mateso ya mwili baada ya kuacha kilevi, nalisikia kila kliniki, na linachelewesha watu miaka. Arosto ina kalenda yake. Mnywaji wa kila siku huanza kutetemeka ndani ya saa 24 tangu aache. Degedege, likija, huja ndani ya siku mbili. Kuweweseka kwa jasho, kuona wadudu ukutani na kutojua yuko wapi huja mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne. Huko kunaua, na dawa yake ni kitanda cha hospitali, diazepamu (dawa ya kutuliza) na vitamini B1, si kufungiwa chumbani. Usingizi mbovu unaweza kumwandama mtu miezi, nakubali. Ila mawazo kusomwa na majirani, wiki ya saba, bila tone wala msokoto? Uchizi ulioletwa na kilevi kwa kawaida hupungua ndani ya siku au wiki chache. Mwezi ukipita na dalili ziko palepale, tunatafuta ugonjwa unaosimama wenyewe: skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), au sonona kali (huzuni nzito isiyoondoka). Ndiyo maana simbandiki mtu jina la ugonjwa siku ya tatu, na ndiyo maana siwezi kungoja miezi sita.

Ninachofanya ni kuchora mstari kwenye karatasi. Juu naandika vilevi, mwaka kwa mwaka. Chini naandika dalili. Halafu namuuliza mama. Kuna kijana alikuwa ameshamaliza soba hausi mbili na kurudia zote mbili. Mama yake akasema, bila kujua uzito wa maneno yake, kwamba akiwa kidato cha pili alikuwa akijificha migombani kwa sababu walimu "wanamsema redioni". Bangi aliianza kidato cha nne. Gongo alikuwa anainywa ili sauti zinyamaze apate kulala. Kila walipomwondolea gongo walimwachia sauti, na hakuna aliyeziulizia.

Kabla ya kutaja ugonjwa wa akili tunapima pia sukari, VVU, kaswende na tezi ya shingo, na tunauliza kama aliwahi kuanguka au kugongwa kichwa. Walevi huanguka sana, na damu inaweza kuvilia kichwani taratibu kwa wiki kadhaa.

Sasa hili la "nazo ni madawa". Olanzapini na haloperidoli, dawa za kutuliza sauti na mawazo kama hayo, hazileweshi, na hakuna anayeziibia kuku wa mama yake. Diazepamu ndiyo yenye uraibu, kwa hiyo tunaitoa kwa siku chache tu kisha tunaisimamisha. Kumnyang'anya mgonjwa vidonge vyake getini ni kumuumiza, hata kama nia ni njema.

Walionikasirisha zaidi ni wauza unga wa "kuachisha pombe", ule wa kuchanganya kwenye supu mtu asijue. Ukiwa ni disulfiramu iliyosagwa, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, naye akanywa juu yake, presha inashuka, moyo unakwenda mbio, na wapo wanaokufa. Kwa mwenye dalili kama za mdogo wako inaweza kuuzidisha uchizi. Ukiletewa unga huo, usiupokee.

Mwenye kumpeleka ndugu yake soba hausi yoyote aulize kabla ya kulipa: nani hapa anapima akili, anakuja siku gani, na dawa za hospitali zinatunzwa wapi. Wakikwambia hawana haja navyo, ondoka.

Siku ya kliniki nenda na mama. Na yale magazeti ya dirishani msiyabandue kwa ugomvi; yaacheni mpaka aanze kulala.