Barabara Hii ni ya Nani? Maswali yenu kuhusu barabara za mitaa

Niliwahi kuandika hapa kwamba barabara nyingi za mitaa hazifi kwa kukosa fedha tu, zinakufa kwa kukosa mwenyewe. Maswali yamemiminika tangu siku hiyo, mengine ya hasira. Nimechagua saba, nimeyafupisha, na majina ya walioyauliza nimeyaacha.

Mbele ya nyumba yetu kuna mashimo ya kumeza tairi zima. Ukienda halmashauri unaambiwa barabara ni ya serikali kuu. Ukienda serikali kuu unarudishwa halmashauri. Nitajuaje ni ya nani?

Usiulize mtu, uliza daftari. Barabara zinazosimamiwa kisheria huwa na orodha: namba ya barabara, inaanzia wapi na kuishia wapi, ni ya daraja gani (yaani ngazi yake: kuu, ya mkoa au ya wilaya), nani anaisimamia. Tanzania, kwa mfano, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa serikali uitwao TANROADS, na zile za wilaya, vijijini na mijini, tangu 2017 ziko chini ya wakala mwingine, TARURA. Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu na kuzipa kaunti barabara za kaunti. Tatizo ni kwamba Sheria ya Barabara ya 2007 ilikuwa imeshaunda mamlaka za kitaifa za barabara za mijini na za vijijini kabla kaunti hazijazaliwa. Ukiwaona gavana na mbunge wanagombea barabara moja ya vumbi, mzizi wa ugomvi ni huo.

Kwa hiyo andika barua ya mistari mitatu: naomba namba ya barabara hii, daraja lake, na jina la ofisi inayoisimamia. Peleka nakala pande zote mbili na hakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa kupokelewa. Mimi mwenyewe nilifuatilia kipande kimoja cha mita mia nne kwa miezi minne, kila siku nikipewa majibu ya mdomo. Nilipopeleka barua, jibu lilikuja baada ya siku tisa. Kumbe kile kipande hakikuwa kwenye orodha ya upande wowote. Kila ofisi iliamini mwenzake amekihesabu.

Hilo la kutokuwa daftarini ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, hasa mahali ambapo viwanja viliuzwa kwanza na njia ikaachwa baadaye. Barabara isiyo daftarini haina bajeti. Hata mhandisi mwenye huruma akipeleka greda pale, mkaguzi wa hesabu atamuuliza alitumia mafuta ya nani. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, ombi lako la kwanza lisiwe matengenezo. Omba iingizwe kwenye orodha, mengine yatafuata.

Kila nikijaza tangi nalipa tozo ya barabara. Mbona barabara yangu haijawahi kuiona hiyo hela?

Kwa sababu safari ya hiyo hela ni ndefu kuliko barabara yako. Inatoka kwenye pampu, inakusanywa na mamlaka ya mapato, inapita hazina, inaingia kwenye mfuko wa barabara, inagawanywa kwa fomula, ndipo inafika kwa wakala au halmashauri. Kila kituo kina mtu mwenye shida zake.

Wazo lenyewe ni la zamani. Jimbo la Oregon lilikuwa la kwanza Marekani kutoza mafuta kwa ajili ya barabara, mwaka 1919, senti 1 kwa galoni. Na tamaa ya kuichota fedha hiyo nayo ni ya zamani. Uingereza waliunda mfuko wao wa barabara mwaka 1920. Kufika 1926 waziri wa fedha, Winston Churchill, alikuwa ameshauingiza mkono kujazia bajeti. Huna haja ya kudhani kwamba ujanja huu ulibuniwa na hazina ya nchi yako.

Hata hela isipochotwa, bado kuna fomula. Barabara kuu hubeba magari mengi, kwa hiyo hupewa fungu kubwa, na kusema kweli hoja hiyo si mbaya. Ubaya unakuja unapotazama urefu. Nchini Uingereza na Marekani, kama ilivyo nchi nyingi, sehemu kubwa kabisa ya kilomita iko mikononi mwa serikali za mitaa. Marekani ni kama robo tatu. Anayekusanya yuko juu, mwenye kilomita yuko chini. Ndiyo maana Tanzania mwaka 2021 waliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kenya nao walipandisha tozo kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024, na kaunti zikavutana na Bunge la Taifa hadi mahakamani kuhusu nani ale wapi.

Na kuna uvujaji mwingine ambao hauna mwizi: tozo isiyopandishwa inashuka yenyewe. Tozo ya petroli ya serikali kuu ya Marekani imekaa palepale, senti 18.4 kwa galoni, tangu 1993. Bei ya lami haikukaa kuingoja.

Swali lako basi lisiishie "hela iko wapi". Uliza fungu la eneo lako kwa mwaka huu wa fedha ni kiasi gani, limefika kiasi gani, na lilifika mwezi gani.

Kwa nini wanajenga mpya na za zamani zinabomoka?

Kwa sababu fedha za kujenga na fedha za kutunza hutoka mifuko miwili tofauti. Kujenga hulipwa na ruzuku ya maendeleo kutoka juu, au mkopo. Kuzibua mitaro hulipwa na matumizi ya kawaida, ambayo halmashauri hujikamulia yenyewe. Kwa hesabu ya ofisi, barabara inayougua ni gharama. Barabara iliyokwisha kufa ni mradi. Mwenye akili atasubiri ife.

Siwatukani wahandisi. Ukiwekwa kwenye kiti hicho nawe utafanya hivyohivyo. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba barani Afrika, kwa muongo uliotangulia, matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati yangeokoa bilioni 45 za kujenga upya. Wengi waliisoma. Lakini hakuna aliyewahi kualikwa kukata utepe wa karavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lililozibuliwa.

Dawa ninayoijua ni kuwafanya wa juu walipie matengenezo pia. New Zealand wanafanya hivyo: mfuko wa taifa huchangia barabara za halmashauri kwa asilimia iliyopangwa, wastani wa kama nusu, na matengenezo yamo. Hapo kuiacha barabara ife hakumpi mtu faida yoyote.

Mwezi uliopita greda lilipita. Mvua mbili tu, barabara imerudi ilivyokuwa. Tumeibiwa?

Huenda. Huenda pia hamkuibiwa, mlifanyiwa kazi ya haraka, ambayo gharama yake ni ileile. Chukua kamba, vijiti viwili na rula, ukapime mwenyewe.

Barabara ya udongo au changarawe lazima iwe na mgongo: katikati juu, pembeni chini, ili maji yasipate mahali pa kukaa. Kawaida huteremka kama sentimita 5 kwa kila mita 1 kutoka katikati. Barabara ya upana wa mita 5 ina mita 2.5 kila upande, kwa hiyo kamba iliyonyooshwa mlalo kabisa kutoka katikati ipite karibu sentimita 12 juu ya ukingo wa barabara. Ukikuta sentimita 3, greda lilikuja kukwangua tu. Likifanya hivyo miaka kumi mfululizo, kila mara likisukuma udongo pembeni, barabara inashuka chini kuliko mashamba yaliyo kandokando yake. Hapo huna barabara tena. Una mto unaongojea mvua, na magari yanaendeshwa ndani yake kiangazi.

La pili, tazama mitaro. Ukingo wa udongo ulioachwa na greda kati ya barabara na mtaro (mara nyingi na nyasi zake bado zimo) huzuia maji yasitoke. Yakikosa njia yanakimbia kwa urefu wa barabara, yakichimba. Lazima kila baada ya hatua kadhaa kuwe na mchirizi unaoyatoa maji na kuyapeleka mbali.

La tatu ni unyevu. Changarawe ikichongwa ikiwa kavu kama unga na isiposhindiliwa, itapeperuka vumbi ndani ya wiki chache, na kilichobaki kitajikunja mawimbi kama bati. Uliza tu: boza la maji lilikuja? Shindilio lilikuja? Kama jibu ni greda peke yake, umepata jibu la swali lako.

Lori moja la mchanga linaweza kweli kuharibu barabara ya mtaa mzima?

Linaweza, na hesabu yake inatisha. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, walijenga vipande vya barabara kwa makusudi ya kuviharibu. Wanajeshi waliendesha malori juu yake, wakizunguka na kuzunguka, wahandisi wakipima. Kilichotoka hapo ni kanuni inayotumika mpaka leo kukadiria: uharibifu hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Uzito ukiwa mara mbili, uharibifu ni mara 16 (2 × 2 × 2 × 2). Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 13, uharibifu unakaribia mara tatu. Na ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na ya gari dogo la tani moja, yenye nusu tani, ni mara 160,000. Ni makadirio, na barabara ya udongo ina tabia zake, lakini picha umeipata.

Sasa ona namna ngazi za serikali zinavyopishana hapa. Mizani iko kwenye barabara kuu, na inaendeshwa na serikali kuu. Dereva aliyezidisha mzigo anaijua mizani ilipo, basi anakata kona kabla hajaifikia na kupita mitaani kwenu, kwenye barabara iliyojengwa kwa ajili ya pikipiki na gari la shule. Faini, zikipatikana, zinakwenda juu. Shimo linabaki chini. Halmashauri zinaweza kuweka kizuizi cha kimo kwenye kona hizo, chuma kilicholazwa juu ya nguzo mbili. Kinagharimu kidogo kuliko kifusi cha mwaka mmoja. Sijui kwa nini hakipendwi. Au tuseme nahisi kwa nini: mwenye lori na diwani mara nyingi wanafahamiana.

Tukichanga tukatengeneza wenyewe, tunaruhusiwa?

Kufyeka, kuzoa taka mitaroni, kuzibua karavati: fanyeni, mkitoa taarifa. Kenya, mpango wa barabara za vijijini ulioanza 1974 ulijenga kwa nguvu za watu badala ya mitambo, kisha ukawaachia watu wanaoishi kando ya barabara kazi ya kutunza kila mmoja kipande chake, kwa malipo. Kwa malipo, narudia. Sweden nako kuna maelfu ya barabara zinazotunzwa na vyama vya wenye nyumba na mashamba, na serikali hutoa ruzuku kwa sharti kwamba barabara ibaki wazi kwa kila mtu. Kujitolea Jumamosi moja kunapendeza kwenye picha. Jumamosi ya kumi na moja hamtakuwa zaidi ya wanne.

Msimwage matofali yaliyovunjika na chupa mashimoni. Maji hupita kati ya vipande na kulipanua shimo kwa chini. Msiweke matuta bila kibali. Na kabla hamjaanza kuchanga, tembeeni mtaa mzima mkitazama mageti. Kila aliyefukia mtaro ili gari lake liingie, au aliyelaza bomba jembamba kama mkono, amewapa maji kazi ya kuvuka barabara. Nimeona mtaa uliochangishana mamilioni kwa ajili ya kifusi wakati dawa ilikuwa mageti sita.

Kwa nini mkandarasi huja mvua zikianza?

Mwaka wa fedha unaanza, fedha inachelewa kushuka, zabuni inatangazwa, rufaa inakatwa, mkataba unasainiwa, na mawingu yameshakusanyika. Mwaka ukiisha, fedha isiyotumika inarudi hazina, basi mkandarasi anamwaga changarawe kwenye tope ili alipwe. Zipo nchi zilizoukata mnyororo huu kwa mikataba ya miaka kadhaa: mkandarasi halipwi kwa tripu za kifusi, analipwa kila mwezi barabara ikipitika, na shimo lisipozibwa ndani ya siku zilizotajwa anakatwa. Jimbo la British Columbia la Kanada lilianza njia ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1980, Argentina ikafuata. Inahitaji ofisi ya kumkagua, na fedha isiyokatika katikati ya mkataba. Fedha ikikatika, naye anaondoka, na ana haki.

Aliyeniuliza pia magari ya umeme, yasiyonunua mafuta kabisa, yatachangiaje barabara: New Zealand, magari ya dizeli yamekuwa yakilipa kwa kilomita tangu 1978, na ya umeme yakaingizwa humo Aprili 2024. Mita inasomwa, unalipa ulichokanyaga. Fomula ya kuigawa hela hiyo baada ya hapo, mrudi kwenye swali la pili.