Anayesema amepona, apimwe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unauliza: Baba, wewe Mkatoliki mwenye picha ya Mama Teresa ukutani, mbona shangazi aliposema ameponywa sukari kwenye mkutano wa injili pale Tononoka, Mombasa, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kumpinga? Na ule muujiza uliomfungulia Mama Teresa njia ya utakatifu, si madaktari walisema ni dawa?

Kuhusu Mama Teresa, tuko karibu kuliko unavyodhani. Monica Besra, mwanamke wa kijijini Bengal ya Magharibi, India, alikuwa na uvimbe tumboni. Mwaka 1998 aliwekewa medali ya Mama Teresa na kuombewa, akasema kulipokucha uvimbe haukuwapo. Madaktari waliomtibu wakasema uvimbe ule ulitokana na kifua kikuu, na mgonjwa alikuwa ametumia dawa za TB kwa miezi. Kanisa likaukubali muujiza, Mama Teresa akatangazwa mwenye heri 2003, kisha mtakatifu 2016 baada ya muujiza mwingine wa Brazili. Mimi nimekula mkate wa maabara maisha yangu yote ya kazi. Nimeona TB ikiisha kwa dawa, kwa Wakristo, Waislamu na wasio na dini. Uponyaji wa Monica Besra siwezi kuuapia.

Picha yake naiacha ukutani kwa sababu ya wale aliowaokota Kolkata wakiwa hawana wa kuwafunga macho. Hata hapo sifichi neno. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la tiba la Lancet, alizuru nyumba yake ya wanaokata roho, akaandika kwamba dawa kali za maumivu hazikuwapo. Maumivu ya mtu anayekufa yanataka dawa, hata anayemuuguza awe mtakatifu. Mama Teresa mwenyewe, moyo ulipomzidia 1989, aliwekewa kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo, na sijasikia aliyemwambia amepungukiwa imani.

Sasa linganisha na lile jukwaa la Tononoka. Lourdes, Ufaransa, watu wanamiminika tangu 1858. Ofisi ya madaktari iko pale tangu 1883, na mtu akisema amepona wanataka vipimo vya kabla na vya baada, wanauliza kama kuna tiba inayoweza kueleza, wanasubiri miaka waone kama ugonjwa utarudi. Madai zaidi ya 7,000 yameandikishwa. Yaliyotambuliwa na Kanisa kuwa miujiza ni sabini na kidogo. Waweza kuyatilia shaka hata hayo, sitagombana nawe. Ila Tononoka shangazi yako aliulizwa swali moja tu: unajisikiaje?

Na alijisikia vizuri kweli! Hakudanganya. Mtu akiimbiwa, akishikwa mikono na kulia mbele ya maelfu, mwili hupata nafuu. Sukari nayo haipigi kelele siku za mwanzo. Inapanda kimya, kiu inakuja kidogo kidogo, safari za chooni usiku zinaongezeka, na mtu anasema ni joto la Mombasa. Nilimwomba anipe kidole nimpime. Akakataa, mhubiri alikuwa amewaambia kwamba kupima ni kumjaribu Mungu. Hilo ndilo lililonikasirisha, na bado linanikasirisha. Kwenye Injili ya Luka, Yesu aliwaambia wale wakoma kumi waende wajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa wakikagua ngozi. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anasema Bwana ameumba dawa kutoka ardhini na mwenye busara hazidharau. Shangazi yako anayo Biblia hiyo kitandani.

Basi akaacha insulini, na mwisho wake unaujua: majirani walimkuta akiongea maneno yasiyoshikana, mdomo umekauka, akabebwa hadi hospitali. Drip na insulini ndivyo vilivyomrudisha. Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu wa Loliondo, yule mchungaji mstaafu wa Tanzania aliyegawa dawa ya mitishamba, tuliona jambo la jinsi hiyo: watu walivuka mpaka hadi Samunge kunywa dawa ya shilingi 500 za Tanzania, na kuna walioacha vidonge vya Ukimwi waliporudi, kwa kuwa walijisikia wepesi. Virusi havingoji ujisikie vibaya ndipo virudi. Jirani yetu wa Majengo, hajati, amekunywa kombe la zafarani, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani, miaka nenda miaka rudi na hajawahi kuacha kidonge chake cha presha. Yeye sina la kumwambia.

Kuomba naomba, mwanangu, na siku Mungu atakapomwondolea dada yangu sukari, mashine itaonyesha, na daktari wake ndiye atakayempunguzia dozi.

Shida iliyobaki ni kwamba ametoka hospitali akisema aliponywa, ila shetani akamrudishia. Sindano anachoma, lakini nusu nusu, na mkutano mwingine umetangazwa. Mimi hanisikilizi tena. Anasema nina roho ya maabara. Wewe anakupenda. Mpigie leo jioni. Habari za Mama Teresa ziache, na mhubiri usimtaje. Muulize tu asubuhi mashine ilisoma ngapi, na ikiwa imepita kumi, nijulishe.

Baba yako